Siku Msimbo Wote Ulipopangwa Upya

Badiliko lile lilikuwa kubwa mno kusomeka, na kwa sababu hiyo hakuna aliyelisoma. Liligusa karibu kila faili la mfumo. Majaribio yote yalipita. Kiongozi wa timu aliandika chini yake kwamba msimbo umepangwa upya na hakuna kingine kilichobadilika, wenzake wawili wakaidhinisha bila kulifungua, na jioni hiyo ya Ijumaa, mwaka 2020, watu wakaenda nyumbani. Wiki kadhaa baadaye mama mmoja mwenye duka la vitenge alisimama mbele ya dirisha la SACCOS yake akitaka kuelezwa kwa nini ametozwa adhabu ya kuchelewesha rejesho.

"Mama, mfumo unaonyesha tarehe yako ilikuwa jana," keshia alimwambia.

"Jana Jumapili, mwanangu. Kwani mlifungua?"

Hawakufungua. Kanuni ya chama ilikuwa wazi: tarehe ya rejesho ikiangukia Jumapili au sikukuu, mwanachama atalipa siku ya kazi inayofuata, wala hatatozwa kitu. Mfumo ulikuwa umerekebishwa makusudi ili uifuate kanuni hiyo, na ulikuwa ukiifuata. Sasa ulikuwa hauijui tena.

Kisa hiki nimekisuka kutokana na mambo yaliyozikuta timu zaidi ya moja, nikayakusanya mahali pamoja ili msomaji aweze kuyafuata. Ndiyo maana simtaji mtu wala kampuni. Zana ninazozitaja, matoleo yake na miaka yake ni vya kweli, na yeyote anayefanya kazi kwenye mradi wa programu wenye watu zaidi ya wawili atakutana navyo, kama bado hajakutana.

Timu yenyewe ilikuwa ndogo: wengi wao Dar es Salaam, dada mmoja Mwanza, kijana mmoja Nairobi, na binti wa chuo aliyekuja kwa mafunzo kwa vitendo. Waliandika kwa Python. Mfumo ulikuwa umepita mikononi mwa watu wengi, na kila mmoja aliacha mwandiko wake. Yupo aliyekata mistari kwenye herufi 79 kama mwongozo wa PEP 8 unavyoshauri, na yupo aliyeiacha ikimbie mpaka ukingo wa skrini. Faili moja lilitumia alama moja ya nukuu, jirani yake likatumia mbili.

Ingekuwa suala la sura peke yake, wangeishi nalo. Lakini lilikuwa likila muda wa kazi na heshima baina ya watu. Kijana akileta badiliko la mistari michache linalozuia mkopo usiidhinishwe mara mbili, maoni yaliyofuata yalihusu nafasi kabla ya mabano, koma ya mwisho, na mstari uliozidi. Swali la maana, kwamba itakuwaje maafisa wawili wakibonyeza kitufe kwa wakati mmoja, halikuulizwa na mtu. Mkaguzi alishamaliza uangalifu wake kwenye koma. Na kijana, aliyekuwa mgeni kwenye timu, aliondoka akiamini kwamba hajui kazi, kumbe alichokosea ni desturi ambayo haikuandikwa popote.

Kwa hiyo kiongozi alipotaka kuleta fomata, yaani programu inayoupanga msimbo yenyewe bila kumwuliza mtu, alikuwa na haki kabisa. Nalisema hili mapema ili isidhaniwe kwamba nazipinga zana hizi. Google ilipoitoa hadharani lugha ya Go mwaka 2009, ilikuja pamoja na gofmt, na gofmt haikumpa mtumiaji nafasi ya kuchagua mtindo. Msimbo wote wa Go, popote ulipoandikwa, ukawa na sura moja, na mabishano yale yakakosa mahali pa kuanzia. Waandishi wa JavaScript walipata Prettier mwaka 2017. Mwaka uliofuata Łukasz Langa akatoa Black kwa ajili ya Python, nayo ilikusudia hivyo hivyo kwa ukali: mstari herufi 88, nukuu mbili, na karibu hakuna cha kuchagua.

Faida yake haiishii kwenye amani ofisini. Februari 2014 Apple ilitoa sasisho la haraka la iOS kwa sababu ya mstari mmoja uliojirudia. Ndani ya msimbo unaohakikisha kwamba seva unayozungumza nayo ndiyo kweli, palikuwa na sharti, kisha amri ya kuruka mpaka mwisho, kisha amri ile ile tena. Ya pili haikuwa chini ya sharti lolote. Ilitekelezwa kila mara, na ukaguzi wa sahihi ya seva ukarukwa. Jicho la binadamu lilidanganywa kwa sababu amri zote mbili zilisogezwa ndani kwa kipimo kimoja, zikaonekana kama ndugu. Fomata ingeirudisha ile ya pili kushoto, usawa wa sharti lenyewe, na msomaji yeyote angeshtuka. Nawaeleza vijana mfano huu kila wanaposema kwamba mpangilio ni urembo. Mpangilio ni ushahidi wa kile ambacho mashine itafanya, na ushahidi ukipotoka anayeumia ni mtu ambaye hata hajui msimbo ni nini.

Basi kosa lilikuwa wapi?

Ili tulione, tuangalie kwanza jinsi Black, ambayo ndiyo kiongozi aliichagua, inavyofanya kazi. Haisogezi herufi huku na huku kama mtu anayepiga chapa. Inausoma msimbo kwa kufuata sarufi ya lugha, inausahau mpangilio wa mwanzo karibu wote, kisha inauandika upya kwa kanuni zake. Ikimaliza inafanya jambo la busara sana: inasoma tena kile ilichoandika, na kulinganisha mti wa sarufi wa kabla na wa baada. Ikiona programu imebadilika maana, inakataa kuliandika faili. Kiongozi aliyajua haya. Ndiyo maana aliandika kwa ujasiri kwamba hakuna kilichobadilika, na kuhusu kazi ya Black maneno yake yalikuwa kweli tupu.

Ila jioni ile, akiwa anapitapita kwenye mafaili yaliyopangwa, aliona kasoro ndogo kwenye hesabu ya riba. Python ikiambiwa ikadirishe nusu, huipeleka kwenye namba shufwa iliyo karibu: mbili na nusu inakuwa mbili, tatu na nusu inakuwa nne. Wahasibu wa chama walizoea nusu ipande juu. Alikuwa ameikumbuka hoja hiyo tangu mkutano wa mwezi uliopita, mkono ulikuwa tayari kwenye faili, akairekebisha. Marekebisho yalikuwa sahihi. Aliyafanya ndani ya badiliko lile lile la mpangilio, mistari miwili katikati ya maelfu, na alipoandika maelezo hakuona haja ya kuitaja.

Sidhani kama kuna programa mzoefu asiyewahi kuvutwa na kishawishi hicho. Umelifungua faili, umeliona kosa, dawa yake unayo. Lakini badiliko la mpangilio lina sifa moja tu inayoliruhusu lipite bila kusomwa: kwamba mtu mwingine anaweza kuendesha fomata ile ile juu ya msimbo wa jana na kupata matokeo yale yale, herufi kwa herufi. Hivyo ndivyo linavyokaguliwa, kwa kulirudia. Ukitia humo hata neno moja la mkono wako, halirudiki tena. Wale wawili walioidhinisha, kama wangejaribu kulirudia, wangeona tofauti ya mistari miwili na kuuliza. Hawakujaribu, na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba ndiyo njia.

Tutarudi kwenye mistari hiyo miwili. Kosa lililomtoza mama wa vitenge lilipita njia nyingine.

Dada wa Mwanza alikuwa na tawi lake la msimbo, kazi ya wiki nyingi: kupokea marejesho kwa simu, mwanachama alipe akiwa sokoni bila kupanga foleni. Jumatatu asubuhi alifungua kompyuta kuunganisha kazi yake na msimbo wa pamoja, akakuta mgongano kwenye kila faili alilogusa. Git, zana inayotunza historia ya msimbo, hulinganisha mistari. Haijui kwamba mstari uliokatwa vipande vitatu ni ule ule wa jana. Kwake, timu nzima ilikuwa imeandika upya kila kitu mwishoni mwa wiki, na yeye pia alikuwa ameandika, sasa achague.

Hakuna aliyekuwa amemwarifu. Kundi la WhatsApp la timu lilikuwa na ujumbe wa Ijumaa usiku, mstari mmoja, kwamba msimbo sasa ni msafi. Aliwapigia Dar. "Dada, wewe chukua ya kwako, kisha endesha Black, itakaa sawa," ndilo jibu alilopewa. Ndivyo alivyofanya. Kwa kila faili lililogongana alichukua toleo lake zima, akalipitisha kwenye Black, akaunganisha.

Tawi lake lilianza kabla ya marekebisho ya Jumapili na sikukuu. Marekebisho yale yalikuwa mistari mitatu ya nyongeza kwenye faili la marejesho, faili ambalo yeye pia alilifanyia kazi, mahali pengine kabisa. Siku ya kawaida Git ingeyaunganisha yenyewe bila kumsumbua mtu. Kwa kuwa faili zima liligongana, na yeye akachukua la kwake zima, mistari ile mitatu ilitoweka. Na kwa kuwa marekebisho hayo hayakuwahi kuandikiwa jaribio lake, majaribio yote yalipita tena.

Wiki zilizofuata zilikuwa za uchovu wa aina nyingine. Mnamo Agosti 2020 Black ilitoa toleo lililobadilisha jinsi inavyoitazama koma ya mwisho kwenye orodha. Toleo la nyuma liliikunja orodha fupi kwenye mstari mmoja, koma ikabaki pale; jipya lilipoikuta koma hiyo liliipanua orodha, kila kipengele mstari wake. Kijana wa Nairobi aliweka zana mwezi huo, akapata jipya. Wa Dar walikuwa na la zamani. Hakuna aliyekuwa ameandika popote kwamba mradi unatumia toleo gani. Basi mmoja akigusa faili orodha zinafunguka, mwingine akiligusa zinakunjwa, na kila badiliko la maana likaja limebeba makumi ya mistari isiyohusika. Yale mabishano ya koma yaliyotakiwa kwisha yalirudi, safari hii yakifanywa na mashine, na watu wakibaki kuyasoma.

Ni katika hali hiyo malalamiko ya mama wa vitenge yalifika. Mtu wa kwanza kuangalia alifungua faili la marejesho na kuendesha `git blame`, amri inayoonyesha kando ya kila mstari nani aliuandika na lini. Karibu juu mpaka chini jina lilikuwa moja, la kiongozi, tarehe moja, Ijumaa ile. Mstari uliopotea hauwezi kuonekana hapo, kwa sababu amri hiyo inaonyesha iliyopo tu. Na kilichobadilishwa ndani ya muunganisho wa matawi hakijitokezi kirahisi kwenye historia ya kawaida; lazima uombe kukiona. Hivyo wote wakafikia jibu moja: fomata imeharibu hesabu, na aliyeileta ni yeye.

Anayetaka kuelewa hasara hii afikirie katibu wa kikoba anayeamua kunakili daftari lote upya kwa mwandiko mzuri. Hesabu ni zile zile, jumla ni ile ile, kurasa zinasomeka kuliko mwanzo. Lakini kila mahali ambapo palikuwa na sahihi ya aliyepokea fedha na ya aliyeshuhudia, sasa pana mwandiko wa katibu peke yake. Siku ugomvi ukizuka juu ya ingizo moja, daftari safi halimsaidii mtu, na katibu hana wa kumtetea.

Walipoteza siku wakiichunguza Black. Walisoma mijadala kuhusu hitilafu zake, wakalinganisha matoleo, wakapendekeza iondolewe kabisa. Kiongozi alijitetea kwamba zana inalinganisha mti wa sarufi na haiwezi kubadilisha maana, na wenzake wakamwona anakwepa. Alikuwa anasema kweli, lakini karibu kila mstari ulikuwa na jina lake.

Binti wa mafunzo ndiye aliyelipata jibu, na alilipata kwa sababu hakuwa na upande. Aliuliza kama anaweza kuliona faili lilivyokuwa siku moja kabla ya Ijumaa. Historia ya Git haifutiki kwa kupanga msimbo. Inafunikwa tu, na ukianzia nyuma ya badiliko lile majina yote ya zamani yapo. Akalifungua la siku hiyo, akalipitisha kwenye Black ili mpangilio usimchanganye, akaliweka sambamba na la sasa. Kazi ya malipo kwa simu ilijitokeza, kama ilivyotarajiwa. Pamoja nayo ilijitokeza mistari mitatu iliyokuwapo na sasa haipo. Alifuata tarehe mbele mpaka kwenye muunganisho wa Jumatatu.

Dada wa Mwanza alipoelezwa alinyamaza muda mrefu kwenye simu. Nani hasa alikosea hapo? Nimeusikia mjadala huo mara nyingi, na msimamo wangu haujabadilika: aliyelibeba kosa siye aliyelizaa. Alipewa maelekezo mabaya na watu waliopaswa kuyajua mazuri, kuhusu usumbufu ambao hakushirikishwa kuuleta.

Kwa maana maelekezo mazuri yapo, wala si marefu. Kwanza unaunganisha tawi lako na msimbo wa pamoja mpaka hatua ya mwisho kabla ya badiliko la mpangilio, na kama kuna migongano hapo ni ya kweli, uitatue kwa akili yako yote. Kisha unaendesha fomata, toleo lile lile na mpangilio ule ule, kwenye tawi lako. Ndipo unapoliunganisha badiliko la mpangilio lenyewe, na hapo kila mgongano unachukua la kwako bila wasiwasi, kwa kuwa yaliyomo tayari ni sawa. Dada wa Mwanza aliambiwa hatua ya mwisho bila ya kwanza. Na tazama tena ile mistari miwili ya riba: kama tawi lake lingekuwa limeligusa faili la riba pia, hata akipewa hatua zote tatu kwa usahihi angechukua la kwake, na marekebisho ya riba yangefutika bila mtu kujua. Njia hii ni salama pale tu ambapo badiliko la mpangilio ni mpangilio mtupu.

Waliofanya vizuri wapo, na inafaa tuwatazame kwa karibu. Mradi wa Django, ambao wengi wetu tunajengea juu yake, uliamua kutumia Black mwaka 2019. Haukuitumia mwaka huo. Black yenyewe ilikuwa bado kwenye matoleo ya majaribio, na wenye mradi walitaka kwanza mtindo wake utulie. Toleo la kwanza lililotangazwa kuwa imara lilitoka Januari 2022, na Februari msimbo wa Django ukapangwa wote, katika badiliko lililokuwa na kazi hiyo moja. Mvutano wa koma wa Agosti 2020 niliousimulia uliwapita kando kwa sababu walikuwa bado wanasubiri.

Kisha wakaandika utambulisho wa badiliko hilo katika faili linaloitwa `.git-blame-ignore-revs`. Faili hilo linaiambia Git kwamba inapotafuta mwandishi wa mstari, iruke hapo na kuendelea nyuma. Uwezo huu uliingia kwenye Git toleo la 2.23, Agosti 2019, kwa hiyo timu yetu ilikuwa nao kwenye kompyuta zao siku ile ya Ijumaa. Tovuti ya GitHub ilianza kuliheshimu faili hilo mwaka 2022. Mozilla nao, walipoupanga msimbo wa C++ wa Firefox kwa clang-format mwishoni mwa 2018, walitangaza siku mapema na kuandaa zana ya kuwasaidia wenye kazi ambayo haijaunganishwa waihamishie kwenye mpangilio mpya. Mradi wenye wachangiaji wengi kiasi kile ulimfikiria mtu mmoja mwenye tawi lake. Timu ya watu wachache, wote wakiwa na namba za simu za wenzao, haikumfikiria.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo, kama ni hasira. Kila badiliko kubwa la aina hii lina siku mwafaka: siku ambayo matawi mengi yamekwisha kuunganishwa, toleo jipya limekwisha kutoka, na aliye mbali ameulizwa. Kuipata siku hiyo hakuhitaji utaalamu wowote. Kunahitaji kiongozi amtumie dada ujumbe, "Ukimaliza malipo ya simu utuambie, tunakusubiri," na asubiri kweli. Mfumo ulikuwa umeishi miaka bila fomata. Ungeishi wiki tatu zaidi.

Yapo na mambo madogo ambayo timu nyingi huyajua kwa kuumia. Fomata nyingine hupanga pia mpangilio wa maktaba zinazoitwa mwanzoni mwa faili, na huo si urembo: kwenye C++ kuna faili za Windows ambazo zikibadilishana nafasi programu haijengeki, na kwenye Python kuna moduli ambazo kuitwa kwake tu kunatenda jambo. Kazi hiyo ifanywe peke yake, siku nyingine, na ikaguliwe kwa macho. Jedwali la viwango vya riba ambalo mhasibu amelipanga kwa safu ili alisome liachwe lilivyo. Fomata nyingi zina alama ya kuziambia zisiguse hapa. Toleo liandikwe kwenye mradi, liwe moja kwa wote, na seva inayoendesha majaribio ikatae msimbo usiopangwa, ili suala hilo litoke kabisa midomoni mwa watu.

Timu ilibaki na Black. Waliweka toleo moja, wakairudisha mistari mitatu ya Jumapili na sikukuu, na safari hii wakaiandikia jaribio. Chama kilirudisha adhabu kwa mama wa vitenge na kwa wengine wote ambao tarehe zao ziliangukia siku za mapumziko katika wiki zile. Keshia yule yule aliyemwambia amechelewa ndiye aliyempigia simu.

Ilipofika zamu ya kuliingiza badiliko la Ijumaa kwenye faili la kurukwa, binti wa mafunzo aliuliza kuhusu mistari miwili ya riba, ambayo naye ndiye aliyeiona alipoendelea kulinganisha mafaili mengine. Git ikiambiwa iliruke badiliko, inaliruka lote. Mistari ya riba ingehesabiwa kuwa ya yule aliyeiandika kabla, kijana ambaye alikwisha kuhamia kazi nyingine, na siku mkaguzi wa hesabu akiuliza kwa nini taarifa za wanachama zilianza kutofautiana kwa shilingi moja kuanzia mwezi ule, jina lake ndilo lingetokea, kwa uamuzi ambao hakuufanya. Wasipoliingiza, karibu mfumo mzima ungebaki na jina moja juu mpaka chini.

Hawakuweza kuligawa badiliko lile tena, kwa kuwa kazi ya kila mtu ilikuwa imejengwa juu yake. Waliliingiza kwenye faili la kurukwa. Kisha kiongozi akaandika maelezo juu ya funksheni ya riba, kwa jina lake na tarehe: kwamba nusu inapandishwa juu kwa maagizo ya wahasibu, kwamba ni yeye aliyebadilisha, na kwamba anayefuata asiitegemee historia kwa mistari hii miwili.